Ndege mbili na tofauti ya saa saba: safari ya kwanza ng'ambo, siku kwa siku

Safari inayofuatwa hapa ni ya ndege mbili kwa tiketi moja. Ndege ya kwanza inaondoka Jumatano saa 00:40 na kuruka kwa saa tano na nusu hadi kiwanja cha kuunganishia, ambako saa iko mbele kwa saa moja. Ya pili inaondoka huko saa 09:50 na kukaa angani saa kumi na tatu na nusu, ikielekea magharibi, hadi nchi ambayo saa zake ziko nyuma ya nyumbani kwa saa saba. Msafiri hajawahi kupanda ndege. Kinachomtia hofu ni kuruka, na hofu hiyo inaeleweka. Ila wanaokwama katika safari kama hii hukwama chini, kwenye karatasi, mizani na saa, na mara nyingi kwa jambo ambalo lingerekebishika siku chache kabla. Ndiyo maana simulizi inaanza Jumamosi.

Jumamosi: karatasi

Pasipoti ndiyo ya kufunguliwa kwanza. Nchi nyingi hudai iwe imebakiza miezi sita au zaidi, kwa hiyo pasipoti yenye miezi minne inaweza kukataliwa ingawa haijaisha. Kurasa tupu nazo zihesabiwe. Mbili kwa kawaida zinatosha.

Kisha jina. Chini ya picha kuna mistari miwili ya herufi iliyojaa alama za <<<, kila mstari una nafasi 44. Huo ndio mwandiko unaosomwa na mashine, na tiketi inapaswa kulingana nao. Mwenye majina matatu aangalie ni lipi lililowekwa kama la ukoo. Kwenye tiketi jina la ukoo hutangulia, linafuata alama ya mkwaju (/), kisha majina mengine yameshikana bila nafasi, pengine na MR au MRS imegandishwa mwishoni. Kushikana huko si kosa. Kosa ni herufi iliyobadilika, au jina la ukoo lililohamia mahali pa jina la kwanza. Likigunduliwa leo, simu moja kwa aliyeuza tiketi huweza kulimaliza. Likigunduliwa Jumanne usiku kaunta, huenda dawa yake ikawa tiketi mpya.

Viza ina muda wa aina mbili, na watu huichanganya: kipindi ambacho inaweza kutumika kuingilia, na idadi ya siku za kukaa baada ya kuingia. Viza ya mwaka mmoja yenye siku 30 za kukaa haimpi mtu mwaka. Itazamwe pia inaruhusu kuingia mara ngapi, kwa sababu ile ya mara moja huishia pale mwenyewe anapovuka mpaka kwenda kutembea nchi jirani. Halafu swali ambalo wageni wa safari hawajiulizi: je, nchi ya kuunganishia inataka viza ya kupita? Baadhi ya nchi huitaka kwa raia wa mataifa fulani hata kama abiria hatoki nje ya jengo.

Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku ya 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hutumika maisha yote. Hesabu yake haina huruma: anayechanjwa Jumamosi hii cheti chake kitakuwa halali Jumanne ya wiki inayofuata ile ya safari, ndege ikiwa imekwenda siku nyingi.

Watu hulalamika kwamba wafanyakazi wa kaunta wanajifanya maofisa wa ubalozi. Sababu ipo. Abiria akizuiwa kuingia, shirika lililomleta ndilo linalobebeshwa wajibu wa kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Kwa hiyo mfanyakazi huingiza uraia na njia ya safari kwenye mfumo uitwao Timatic, naye hufuata unachomwambia. Msafiri anaweza kuliuliza shirika lake maswali hayohayo leo, angali na muda.

Jumatatu: mizigo

Kiwango kinachokutana na watu wengi ni begi moja au mawili ya kilo 23 kwa kila moja, na begi la mkononi la kilo 7 hadi 10. Kilicho halali ni kile kilichoandikwa kwenye tiketi yenyewe. Begi moja likizidi kilo 32, viwanja vingi hulikataa hata kwa malipo, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Asiye na mizani ya mizigo apande mizani ya kawaida akiwa amebeba begi, kisha apande mikono mitupu, atoe. Aache kilo moja ya akiba, maana mizani ya nyumbani na ya kiwanja hazipatani kila mara.

Vimiminika katika begi la mkononi viwe kwenye vichupa visivyozidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha ndani wa ujazo wa lita moja. Kanuni hii ilitokana na njama ya mwaka 2006 ya kulipua ndege kwa mabomu ya vimiminika. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimeilegeza, lakini abiria wa kuunganisha hukaguliwa zaidi ya mara moja, hivyo afuate kanuni kali. Kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa: chupa ya mililita 200 yenye losheni kidogo chini itatupwa. Dawa ya meno, jeli, asali na siagi ya karanga huhesabiwa kuwa vimiminika.

Pawabenki na betri za akiba zisiwekwe kabisa katika begi la chini. Betri ya lithiamu ikishika moto karibu na abiria, wahudumu wataiona na kuizima. Ikishikia tumboni mwa ndege, ni hatari nyingine. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ili kuzijua, zidisha mAh kwa volti za seli, 3.7, kisha gawanya kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74, inapita. Ambayo maandishi yake yamefutika inaweza kuchukuliwa, kwa kuwa mkaguzi hana namna ya kuipima.

Begi la mkononi lipangwe kana kwamba lile kubwa halitafika: dawa zikiwa katika pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari, miwani, chaja, nguo za kubadilisha, na karatasi zote. Dawa za kawaida za maumivu au kikohozi zenye kodeini hudhibitiwa vikali katika baadhi ya nchi, hata kwa abiria anayepita. Anayetumia insulini amwone daktari wake kabla, kwa sababu siku ya kesho kutwa itakuwa na saa 31.

Na karatasi moja ya kuandika kwa mkono: anwani kamili ya mahali atakapofikia, namba ya simu ya mwenyeji, namba ya ndege zote mbili. Simu huzima. Karatasi haizimi.

Jumanne: kutoka nyumbani

Tarehe ndiyo mtego mbaya kuliko yote. Tiketi inasema Jumatano saa 00:40, yaani saa sita na dakika arobaini ya usiku wa kuamkia Jumatano. Msafiri anatoka nyumbani Jumanne jioni. Anayefunga begi Jumatano na kwenda kiwanjani usiku amechelewa siku nzima. Na kwa kuwa abiria asiyetokea kwa ndege ya kwanza kwa kawaida hufutiwa zote zinazofuata katika tiketi hiyo, ya kurudi ikiwemo, hasara huwa ya safari yote.

Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufunguliwa saa tatu kabla. Hapa ni saa 21:40, saa tatu na dakika arobaini usiku. Mashirika mengi huzifunga dakika 60 kabla ya kuondoka, na zikifungwa zimefungwa: orodha ya abiria na uzito wa mizigo huwa vimeshapelekwa kwa wanaopanga mizani ya ndege.

Kaunta ataulizwa kama begi amelifunga mwenyewe na kama kuna mtu aliyempa kitu cha kumpelekea mwingine. Jibu liwe la kweli, na kazi ya kulifanya liwe jepesi ilifanyika nyumbani: kifurushi kilichofungwa cha mtu mwingine hakibebwi, awe jirani au ndugu wa mbali. Mbele ya sheria, aliyekibeba ndiye mwenye nacho.

Begi likishavishwa kibandiko, msafiri asiondoke kabla ya kukisoma. Zipo herufi tatu kubwa, ambazo ni alama ya kiwanja. Ziwe za mwisho wa safari, si za kiwanja cha kuunganishia. Kipande kidogo chenye namba ya tarakimu 10 atapewa, mara nyingi kimebandikwa nyuma ya pasi ya kupandia. Hicho ndicho hati ya begi, kitunzwe hadi begi liwe mkononi. Ahakikishe pia amepewa pasi mbili za kupandia. Akipewa moja, aulize ya pili ataichukulia wapi.

Pasi ya kupandia ina namba nyingi na tatu tu ndizo za kushika: lango, kiti, na saa ya kuanza kupanda. Saa ya kuondoka siyo saa ya kuwa langoni. Lango hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla. Kwa ndege hii basi, aliyefika langoni saa 00:25 huenda akaiona ndege kupitia kioo na asiipande. Kuna namba nyingine ya tarakimu tatu inayoonyesha tu amekuwa abiria wa ngapi kusajiliwa. Wengi huitafuta kama namba ya kiti.

Ukaguzi ni wa haraka kwa aliyejitayarisha. Mkanda, funguo, sarafu na simu huingia kwenye begi kabla ya kufika kwenye trei, na hilo linafaa kuliko kuvitupa juu ya trei, ambako ndiko husahauliwa. Kompyuta na mfuko wa vimiminika hutolewa nje pale inapotakiwa. Chupa tupu ya maji hupita, ikajazwe ng'ambo ya pili. Dawati la uhamiaji la kutokea hugonga muhuri, kisha ni langoni, kukaa mahali panapoonekana skrini, kwa sababu lango hubadilishwa.

Jumatano, usiku: ndege ya kwanza

Katika ndege yenye viti kumi kwa mstari, A na K kwa kawaida ni vya dirishani, na C, D, G na H viko kando ya ujia. Herufi I huachwa ili isisomwe kama 1. Begi huwekwa juu, lile dogo chini ya kiti cha mbele. Usiku taa za ndani hufifizwa kabla ya kuruka na vifuniko vya madirisha hufunguliwa. Si kwa ajili ya mandhari: macho yaliyozoea giza huona njia mara moja pakitokea haja ya kutoka, na wahudumu waweze kuona kama nje kuna moto.

Sasa dakika zile zinazotisha. Ndege inakimbia kwenye njia yake kwa muda wa sekunde 30 hadi 40, injini zinanguruma, mgongo unabanwa kitini, pua inanyanyuka. Sekunde chache baadaye hukita kishindo chini ya sakafu: magurudumu yanakunjwa na milango yake inafungwa. Mwanga wa chini unapungua, halafu, takriban dakika moja tangu kuondoka ardhini, mngurumo unashuka ghafla na mwili unahisi kana kwamba ndege inazama. Hapo ndipo mgeni anaposhika mikono ya kiti kwa nguvu, na hapo ndipo penye kueleweka vizuri. Nguvu kubwa ya injini ni ya kuachana na ardhi tu. Baada ya hapo marubani huipunguza kuwa ya kupandia, na ndege inaendelea kupanda, kwa mteremko mdogo zaidi. Mlio wa kusaga unaotoka kwenye mbawa ni wa vibawa vya nyuma vikirudishwa ndani. Kengele ndogo, ding, ni wahudumu na marubani wakiitana, au taa ya mkanda ikizimwa.

Juu, kati ya mita 10,000 na 12,000, nje kuna baridi ya karibu nyuzi 50 chini ya sifuri na hewa isiyotosha kupumua. Ndani hewa hukandamizwa iwe kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndiyo maana pakiti zilizofungwa huvimba, mwili huchoka upesi, na midomo hukauka, kwa kuwa unyevu wa ndani huwa chini ya asilimia 20.

Mtikisiko wa hewa utakuja. Bawa litaonekana likipinda juu na chini, na limeundwa lipinde; lisilopinda ndilo lingevunjika. Wanaoumia katika mtikisiko kwa sehemu kubwa ni wale ambao hawajafunga mkanda na hurushwa hadi dari. Mkanda ubaki umefungwa kiunoni wakati wote wa kukaa, juu ya blanketi, ili mhudumu auone bila kumwamsha aliyelala.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda, kwa sababu mrija unaounganisha sikio na koo hutoa hewa kirahisi lakini huikubali kuingia kwa shida. Kumeza mate, kupiga miayo, kutafuna. Ikishindikana, bana pua, funga mdomo, puliza taratibu sana. Ianze mapema, dakika 30 kabla ya kutua, kwani mrija uliokwisha kufyonzwa ni mgumu kufunguka. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo. Mwenye mafua makali amwone daktari kabla ya kuruka. Magurudumu yakigusa chini, injini hunguruma tena na vibao husimama juu ya mbawa. Yote hayo ni breki.

Jumatano, asubuhi: kuunganisha

Saa za hapo ni 07:10. Muda uliopo ni saa mbili na dakika 40, nao huliwa upesi: kushuka, foleni ya ukaguzi wa pili, mwendo hadi upande mwingine wa jengo, pengine kwa treni. Msafiri afuate vibao vya Transfer au Connecting Flights, wala si vya Exit au Arrivals. Akishapita uhamiaji kwa makosa, kurudi ndani kunaweza kutaka viza asiyokuwa nayo. Kwenye skrini atafute namba ya ndege badala ya jina la mji, kwa kuwa mji mmoja huweza kuwa na ndege kadhaa asubuhi hiyo.

Begi kubwa linahamishwa lenyewe. Marekani ni tofauti: anayeingia nchi hiyo na kuendelea na ndege ya ndani kwa kawaida hulichukua begi katika kiwanja cha kwanza, akalipitisha forodha, kisha akalikabidhi tena.

Ndege ya kwanza ikichelewa na tiketi ni moja, shirika ndilo linalotafuta nafasi nyingine. Anayeunganisha kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hana dai hilo, na bei nafuu ya tiketi hizo huwa imelipiwa na hatari hii.

Jumatano, mchana mrefu: ndege ya pili

Saa ya mkononi irudishwe nyuma saa nane mara tu baada ya kukaa. Huko anakokwenda ni saa 01:50 usiku. Kwa hiyo kulala kuwe katika saa tano za mwanzo, dirisha limefunikwa hata kama nje jua linawaka, na saa nane na nusu zilizobaki ziwe za kukaa macho. Wengi hufanya kinyume: hutazama filamu mwanzoni, hulala mwishoni, na hushuka alasiri wakiwa hawana usingizi wa usiku unaokuja.

Kukaa zaidi ya saa nne bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kusimama kila saa moja au mbili, kuzungusha vifundo, kukaza mashavu ya miguu, maji ya kutosha. Mwenye historia ya kuganda damu, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni apate ushauri kabla.

Mlango wa choo katika ndege nyingi hukunjwa kwa kuusukuma katikati. Taa huwaka kikamilifu komeo likifungwa. Choo hufyonza kwa mlio mkubwa, nao ni wa kawaida.

Jumatano, saa 15:20: kuwasili

Mwili unasema ni saa nne na dakika ishirini usiku. Katika hali hii ndiyo anasimama mbele ya ofisa wa uhamiaji, na viza mkononi haimhakikishii kuingia; uamuzi ni wa ofisa. Maswali ni yaleyale: umekuja kufanya nini, utakaa siku ngapi, utafikia wapi, nani anagharamia. Majibu yawe mafupi, ya kweli, na yalingane na yaliyoandikwa kwenye ombi la viza. Ile karatasi ya anwani inafanya kazi yake hapa. Asipoelewa lugha, aombe mkalimani. Kuitikia "ndiyo" kwa swali lisiloeleweka ndiko kunakompeleka mtu chumba cha pili, cha kuhojiwa zaidi. Kabla ya kuondoka dirishani asome muhuri: tarehe na siku alizopewa.

Kwenye ukanda wa mizigo alinganishe tarakimu 10 na kipande chake, kwa sababu mabegi meusi yanafanana. Lisipotokea, ripoti ya mzigo iandikwe kabla ya kutoka ukumbini, na apewe namba ya kufuatilia.

Forodha ina njia mbili. Ya kijani ni ya asiye na kitu cha kutangaza. Nyekundu ni ya mwenye nacho, au mwenye shaka. Nyama na maziwa kutoka nje haviruhusiwi kuingizwa na abiria wengi wanaokwenda Umoja wa Ulaya, na Australia na New Zealand hutaka chakula kitangazwe. Fedha taslimu za kuanzia euro 10,000 Ulaya, au zaidi ya dola 10,000 Marekani, hutangazwa. Kuzibeba si kosa. Kuzinyamazia ndilo kosa.

Alhamisi

Ataamka saa tisa usiku, kwani mwilini ni saa nne asubuhi. Asiwashe simu. Apate mwanga wa jua jioni, azuie usingizi hadi saa tatu usiku, na asishangae hali hii ikichukua siku kadhaa. Kadirio la kawaida ni siku moja kwa kila saa ya tofauti.

Chaja isomwe kabla ya kuchomekwa. Iliyoandikwa 100–240V inahitaji adapta ya plagi tu. Pasi ya nguo au mashine ya nywele ya volti 230 haitapata joto la kutosha kwenye volti 120, na ya 120 itaungua kwenye 230. Data za laini ya nyumbani zibaki zimezimwa mpaka bei yake ijulikane. Kwenye ATM, ikiulizwa ikatwe kwa fedha ya nyumbani au ya pale, kwa kawaida ya pale ndiyo nafuu.

Ijumaa

Begi lililochelewa likifika leo, madai ya kuchelewa kwake huandikwa kwa shirika ndani ya siku 21. Likiwa limevunjika, ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Huo ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na madai yawe kwa maandishi, pamoja na risiti za vilivyonunuliwa kwa lazima.

Kisha hesabu ya siku za kukaa, ifanywe mapema kwa kalenda. Katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia mpaka mmoja wa nje, kwa mfano, mgeni wa muda mfupi ana siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Tiketi ya kurudi isomwe upya sasa, hasa kama nayo inaondoka baada ya saa sita usiku.